Istilahi za Virutubishi vya Kiasi Kidogo: Mfano wa Zao la Soya

Watu wengi huidhania kazi ya kusanifu istilahi kuwa ni kazi ya kutafuta neno moja na kuliweka mahali pa neno jingine. Lau ingekuwa hivyo, ingetosha kukaa mezani na kamusi mbili. Lakini kila istilahi ya taaluma ina mambo nyuma yake, na mfasiri asiyeyafahamu huweza kuchagua neno lisilo na kasoro kisarufi, nalo likampotosha msomaji katika vitendo. Hatari hiyo ni kubwa hasa katika maandishi ya kilimo, kwa kuwa msomaji wake hasomi ili ajibu mtihani. Husoma ili aende shambani akatende.

Tumechagua zao la soya kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, zao hili hulimwa katika nchi yetu, hasa katika mikoa ya Ruvuma, Iringa, Njombe na Mbeya, na maelezo yake mengi huwafikia wakulima kwa njia ya tafsiri. Pili, soya hushirikiana na bakteria walio katika mizizi yake, na ushirikiano huo hutegemea madini ambayo mmea huyataka kwa kiasi kidogo mno. Kwa hiyo mtu anayeandika juu ya soya hukutana na karibu kila tatizo la istilahi za rutuba ya udongo.

Rutuba, mbolea na kirutubishi

Neno rutuba lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo maana yake ni unyevu. Si ajabu basi kwamba mzungumzaji wa Kiswahili akisema ardhi ina rutuba hufikiria udongo mweusi, laini, wenye majimaji, ambao kila kipandwacho humea. Maana hiyo ni pana, nayo yafaa ibaki pana. Rutuba ni uwezo wa udongo kuulisha mmea, na uwezo huo hutokana na mambo mengi kwa pamoja: mboji, maji, hewa, viumbe wadogo wa udongoni, na madini yanayoweza kufikiwa na mizizi.

Mbolea ni kitu kingine. Ni kile anachokiongeza mkulima, kiwe samadi, mboji au mbolea ya kiwandani. Shamba laweza kutiwa mbolea nyingi na lisiwe na rutuba, iwapo udongo wake hauwezi kuitunza mbolea hiyo au kuifikisha mizizini. Mfasiri anayeandika “kuongeza rutuba” mahali palipokusudiwa “kutia mbolea” huahidi jambo ambalo mfuko wa mbolea hauwezi kulitimiza peke yake.

Kirutubishi ni elementi ambayo mmea huifyonza na kuitumia katika kukua. Maneno kirutubishi na kirutubisho yote mawili huonekana katika maandishi, aghalabu bila tofauti. Sisi tunaona yafaa kuyatenganisha: kirutubishi kiwe elementi yenyewe, kama vile zinki au fosforasi, na kirutubisho kiwe bidhaa iliyotengenezwa ili kuiongeza elementi hiyo. Kwa mpango huu tutasema kwamba mkulima hununua kirutubisho dukani, lakini mmea hufyonza kirutubishi udongoni.

Neno “kidogo” lisimame wapi?

Wataalamu huhesabu elementi 17 ambazo mimea haiwezi kuishi bila hizo. Kaboni, hidrojeni na oksijeni hutoka katika hewa na maji. Naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu, magnesi na salfa huhitajiwa kwa kiasi kikubwa. Zinazosalia ni nane: chuma, manganisi, zinki, shaba, boroni, molibdeni, klorini na nikeli. Hizi nane ndizo zinazotupa kazi.

Ili msomaji aone tofauti ya viasi, tuchukue tani moja ya mimea iliyokaushwa kabisa. Kwa makadirio ya kawaida yanayotumiwa katika taaluma ya lishe ya mimea, ndani yake mtakuwa na kilo 15 hivi za naitrojeni na kilo 2 za fosforasi. Chuma kitakuwa gramu 100, manganisi gramu 50, zinki na boroni gramu 20 kila moja, na shaba gramu 6. Molibdeni itakuwa sehemu moja ya kumi ya gramu. Hata hivyo mmea ukiikosa sehemu hiyo ya kumi ya gramu, hautafaidika kwa kuongezewa kilo za vile vingine.

Kanuni hii ilielezwa na Carl Sprengel wa Ujerumani mnamo mwaka 1828, kisha ikaenezwa na Justus von Liebig. Walimu wamezoea kuifafanua kwa mfano wa pipa lililoundwa kwa mbao zisizolingana urefu. Maji hayawezi kupanda kupita ubao ulio mfupi kuliko yote, hata kama mbao nyingine zimefika juu. Mavuno nayo hukomea pale kirutubishi kilichopungua zaidi kinapokomea.

Sasa tutazame tafsiri zinazotumika. Wengine huandika “virutubishi vidogo”. Kisarufi hapana kosa. Lakini sifa -dogo inapoambatana na jina la kitu, Kiswahili huielewa kwa njia mbili: udogo wa umbo na udogo wa cheo. Ndugu mdogo, kosa dogo, jambo dogo: yote haya ni mambo yanayoweza kusubiri. Mkulima anayesoma kwamba amekwisha kutia virutubishi vikubwa na sasa vimebaki vidogo, atavihesabu kuwa ni nyongeza ya mwenye fedha za ziada.

Wengine wamejaribu “virutubishi haba”. Neno haba ni zuri, na methali ya kibaba imelifanya lizoeleke. Tatizo ni kwamba haba hutaja kisichotosha. Tukisema “udongo una virutubishi haba”, je, tunataja aina ya virutubishi au tunataja upungufu? Istilahi isiyoweza kutenganisha jina la kitu na kukosekana kwa kitu hicho haifai.

Tunapendekeza “virutubishi vya kiasi kidogo”, na kwa upande wa pili “virutubishi vya kiasi kikubwa”. Istilahi hizi ni ndefu kidogo, lakini zina sifa moja ambayo nyingine hazina: neno -dogo limefungwa kwenye kiasi, wala halikukigusa kirutubishi chenyewe. Udogo ni wa kipimo, si wa haja.

Muhimu na cha lazima

Kuna neno jingine linalohitaji uangalifu, nalo ni muhimu. Kwa Kiswahili cha kila siku, vitu vingi huweza kuwa muhimu, na kimoja kikawa muhimu kuliko kingine. Lakini mwaka 1939 Daniel Arnon na Perry Stout wa Chuo Kikuu cha California waliweka masharti matatu ya kuitambua elementi isiyokosekana: mmea usiweze kutimiza maisha yake bila elementi hiyo, kazi yake isiweze kufanywa na elementi nyingine, nayo ihusike moja kwa moja na lishe ya mmea. Hapa hakuna “zaidi” wala “kidogo”. Ama elementi imetimiza masharti au haikutimiza. Kwa sababu hiyo tunapendekeza “kirutubishi cha lazima” badala ya “kirutubishi muhimu”.

Soya yenyewe imechangia katika historia ya jambo hili. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani, Eskew, Welch na Cary, walionyesha kwamba soya iliyonyimwa nikeli hulimbikiza urea katika ncha za majani mpaka ncha hizo zikafa, kwa kuwa kimeng'enya kinachoivunja urea hakiwezi kufanya kazi bila nikeli. Kobalti nayo ina habari tofauti. Mwaka 1960 Ahmed na Evans walionyesha kwamba soya inayotegemea naitrojeni ya hewa huhitaji kobalti. Lakini wanaoihitaji hasa ni bakteria wa mizizini, si mmea wenyewe. Kwa hiyo kobalti haimo katika orodha ya elementi 17, ingawa mkulima wa soya hana budi kuijali. Mfasiri akiandika “muhimu” kwa zote mbili, tofauti hiyo hupotea.

Vinundu na vifundo

Mwaka 1888 wanasayansi wa Kijerumani Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walichapisha uthibitisho kwamba mimea ya jamii ya kunde hupata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa viumbe wadogo waishio katika uvimbe wa mizizi. Uvimbe huo tunapendekeza uitwe vinundu. Ndani ya kinundu bakteria huibadili naitrojeni ya hewa ikawa katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia. Kimeng'enya kifanyacho kazi hiyo kimejengwa kwa chuma na molibdeni. Zaidi ya hayo, kinundu huwa na protini yenye chuma, inayofanana na ile ya damu, ambayo huidhibiti oksijeni isikiharibu kimeng'enya hicho. Ndiyo sababu kinundu kinachofanya kazi, kikipasuliwa kwa kucha, huonekana chekundu au cha waridi ndani. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi kazi.

Pana uvimbe mwingine wa mizizi unaosababishwa na minyoo ya udongoni. Huo ni ugonjwa, na wengi huuita vifundo. Vinundu hubanduka kwa urahisi mzizi ukisuguliwa. Vifundo ni mzizi wenyewe uliovimba, havibanduki. Maandishi yakitumia neno moja kwa vyote viwili, mtu aweza kuing'oa mimea yake mizima akidhani inaugua, au kuiacha inayougua akidhani inajilisha. Kwa hiyo neno vinundu litengwe kwa bakteria, na vifundo kwa minyoo.

Soya asili yake ni Asia ya Mashariki, na bakteria wanaoifaa zaidi hawapatikani katika kila udongo. Hivyo mbegu hupakwa bakteria kabla ya kupandwa. Maandishi mengine huiita kazi hii “kuchanja mbegu”, na bakteria hao huitwa “chanjo” au “dawa”. Hapa tunaona hatari ya wazi. Chanjo huzuia ugonjwa, na dawa huua wadudu. Lakini hawa ni viumbe hai, nao hufa wakianikwa juani au wakichanganywa na sumu. Anayeambiwa “dawa” ataihifadhi kama dawa. Tunapendekeza “bakteria wa kupaka mbegu”, na kitenzi kiwe kupaka.

Kunasa na kufungwa

Katika lugha za Ulaya, kitenzi kimoja hutumika kwa mambo mawili yenye matokeo yanayopingana. Bakteria wanapoichukua naitrojeni ya hewa na kuiingiza katika mmea, hutumika kitenzi hicho. Udongo mwekundu wenye chuma na alumini nyingi unapoishika fosforasi isiweze kufyonzwa na mizizi, hutumika kitenzi hicho hicho. La kwanza ni faida kwa mkulima; la pili ni hasara. Mfasiri anayefuata neno badala ya maana atatumia kitenzi kimoja mahali pote pawili, na msomaji atashindwa kujua kama ashukuru au asikitike.

Kiswahili kinaweza kufanya vizuri zaidi. Tuseme bakteria hunasa naitrojeni, kama mtego unavyonasa kilichokuwa kikipita bure. Na tuseme fosforasi hufungwa na udongo, kama mali iliyofungiwa ghalani na ufunguo umepotea. Vitenzi hivi viwili vikishika mahali pake, sentensi yenyewe hufundisha.

Kilichomo na kinachofyonzwa

Mfano huo wa ghala hutufikisha kwenye tofauti nyingine. Mwanafunzi husoma kwamba mimea yaweza kupungukiwa chuma, kisha hutazama udongo mwekundu na kushangaa: chuma hicho kimekwenda wapi? Hakikwenda popote. Katika udongo wenye chokaa nyingi, chuma huwamo kwa wingi, lakini hakiyeyuki kiasi cha kufyonzwa. Katika majimbo ya Iowa, Minnesota na North Dakota huko Marekani, soya ya mashamba ya namna hiyo hugeuka manjano katika majani machanga, huku mishipa ya majani ikibaki kijani. Tangu mwaka 1943 imejulikana kwamba uwezo wa soya kukifyonza chuma katika udongo kama huo hurithiwa. Kwa hiyo wakulima wa huko hushauriwa kuchagua aina ya mbegu, wala si kumwaga chuma shambani tu.

Basi taarifa ya maabara iandikwe kwa uangalifu. “Kiasi kilichomo” na “kiasi kinachoweza kufyonzwa” si kitu kimoja. Neno “kinachopatikana” peke yake lina utata, kwani kupatikana huweza kumaanisha kuwapo tu.

Jambo linalotawala sana ufyonzaji ni tindikali ya udongo, ambayo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Soya hupendelea udongo wa pH 6 hadi 7 hivi. Udongo ukizidi kuwa na tindikali, molibdeni hufungwa, vinundu hudhoofika, na alumini na manganisi huweza kuwa sumu kwa mizizi. Chokaa ikitiwa kwa kadiri, molibdeni hufunguliwa. Ikitiwa kupita kiasi, chuma, zinki, manganisi na boroni hufungwa. Chokaa basi ni kirekebishi cha udongo chenye manufaa na madhara, kulingana na kipimo.

Hapa wafasiri wengi hujikwaa, kwa sababu namba za pH huenda kinyume cha tindikali. Namba ikishuka, tindikali huzidi; na kila hatua moja ni mara kumi. Tukiandika “tindikali ya chini” kwa kuifuata namba, mkulima ataelewa kwamba shamba lake halina haja ya chokaa, ilhali lina haja kubwa. Ni salama kuandika “udongo wenye tindikali kali, pH 4.8” na kuliacha neno “chini” kando.

Je, soya huirutubisha ardhi?

Sentensi “soya huirutubisha ardhi” husomwa mara nyingi, na mwalimu huifundisha bila wasiwasi. Ina ukweli ndani yake, lakini inahitaji mipaka. Punje za soya zina protini ya asilimia 40 hivi, na kwa hiyo tani moja ya punje huondoka shambani na naitrojeni inayokaribia kilo 60. Kwa kawaida bakteria hutoa takriban nusu ya naitrojeni ya mmea au kuzidi kidogo. Iliyobaki hutoka udongoni. Ikiwa mkulima atavuna punje na pia kuyaondoa au kuyachoma mabua na maganda, aweza kuuacha udongo ukiwa maskini kuliko ulivyokuwa. Punje huondoka pia na fosforasi, potasiamu, zinki na nyinginezo ambazo bakteria hawawezi kuzirudisha. Afadhali tuandike: “Soya hupunguza haja ya mbolea ya naitrojeni, na husaidia kutunza rutuba iwapo mabaki yake yatabaki shambani.” Sentensi ni ndefu, lakini haitadaiwa na mtu.

Vipimo navyo ni sehemu ya istilahi. Nchini Brazili, wakulima wa soya hushauriwa kutia gramu 12 hadi 25 za molibdeni na gramu 2 hadi 3 za kobalti kwa hekta. Mfasiri akiandika kilo badala ya gramu, atakuwa amezidisha mara elfu. Kwa boroni, mpaka kati ya upungufu na sumu ni mwembamba sana, na kosa dogo la kipimo huweza kuliunguza shamba. Tunashauri neno gramu na neno kilo yaandikwe kikamilifu, yasifupishwe, katika maandishi yote yanayokwenda kwa wakulima.

Istilahi zinazopendekezwa

1. Rutuba: uwezo wa udongo kuulisha mmea.
2. Kirutubishi: elementi ambayo mmea huifyonza na kuitumia.
3. Kirutubisho: bidhaa inayotiwa ili kuongeza kirutubishi.
4. Kirutubishi cha lazima: kirutubishi ambacho mmea hauwezi kutimiza maisha yake bila hicho.
5. Virutubishi vya kiasi kidogo: virutubishi vya lazima vinavyohitajiwa kwa kiasi kidogo mno, kama vile chuma, zinki na molibdeni.
6. Kinundu: uvimbe wa mzizi wenye bakteria wanaonasa naitrojeni.
7. Kifundo: uvimbe wa mzizi unaoletwa na minyoo.
8. Kunasa: kuichukua naitrojeni ya hewa na kuifanya itumike na mmea.
9. Kufungwa: kushikwa kwa kirutubishi na udongo kisiweze kufyonzwa.
10. Bakteria wa kupaka mbegu: bakteria hai wanaopakwa mbegu za jamii ya kunde kabla ya kupandwa.

Haya ni mapendekezo, na mapendekezo hupimwa kwa kutumiwa. Walimu watatuambia kama wanafunzi huyashika. Wafasiri watatuambia yanapokwama katika sentensi. Kwa mabwana na mabibi shamba tuna ombi la pekee: mnapokuwa vijijini, sikilizeni wakulima wenyewe huviitaje vinundu, majani yaliyogeuka manjano, na udongo uliochoka, kisha mtuandikie. Yawezekana neno tunalolitafuta mezani limekwisha kuwapo shambani kwa miaka mingi, nalo likawa fupi na wazi kuliko letu.